Nilifanyisha fuvu ya Homo naledi ku ateliye ya 3D hapa Lubumbashi, haya maoni yangu

Balimu benzangu, zaidi ba biologia na ba historia, hii naandika juu yenu. Fuvu ya mutu wa kale, ya plastiki, kipimo kamili, meno ya juu na ya chini iko, taya inatoka na kurudi, dola 45, na yote inafanyiwa hapa mujini, hapana ku Johannesburg, hapana ku Ulaya. Naipatia nyota ine juu ya tano. Ile moja yenye nimeinyima nitaeleza, lakini kama uko na haraka na hautasoma mpaka chini, jibu ni hii: enda ufanyishe, utafurahi wewe na banafunzi bako.

Ateliye iko ku Kamalondo, ni ya vijana batatu benye balinunua mashini mbili za kuemprime plastiki. Kazi yao ya kila siku si mafuvu. Banafanyaka meno ya gia juu ya mashini za kusaga, vifuniko vya telekomande, majina ya kubandika ku mulango ya biro, vijumba vya mufano juu ya ba arshitekte. Nilipofika na kusema nataka kichwa ya mutu wa kale, balinitazama kidogo, kisha mumoja akaniuliza, «Prof, fishie iko nayo?» Hakuuliza ya nini, hakucheka, aliuliza fishie. Hapo njo nilijua ni batu ba kazi.

Na fishie, ni kusema faili ya komputa yenye mashini inasoma, iko, bure kabisa, na hii njo jambo yenye ningependa kila mwalimu wa Katanga ajue. Homo naledi ni aina ya batu benye mifupa yao ilipatikana mu pango ya Rising Star, Afrika ya Kusini, kilometa kama 50 kutoka Johannesburg. Mu mwaka 2013 vijana babili benye banapenda kuingia mapango, Rick Hunter na Steven Tucker, balipenya mu ufa moja yenye inashuka chini metre 12 hivi, na pale penye inakaza zaidi upana yake ni sentimita 18 tu. Chukua rula ya mwanafunzi upime 18 uone, kisha ufikirie kifua ya mutu mukubwa inapita pale, mu giza, majiwe mbele majiwe nyuma. Chini balikuta chumba, na mu udongo ya ile chumba mifupa imelala. Profesere Lee Berger wa Université ya Witwatersrand, mwenye alikuwa nabatuma kutafuta, mwili wake haikuweza kupita ile ufa, basi akatia tangazo ku Facebook: natafuta batu ba siansi, bembamba, benye habaogope pango. Balijibu bengi, bakachaguliwa banamuke sita. Bale banamuke sita njo balichimba, mu November 2013, balilala kifudifudi na kupangusa udongo na tuburushi, na ilipofika 2015 kazi ikatangazwa: vipande zaidi ya 1,550, vya batu 15 kwenda juu, bakubwa, bazee, batoto. Mu Afrika yote, kupata mifupa ya batu ba kale mingi vile ya aina moja fasi moja, haikukuwa.

Sasa, kwa desturi ya hii kazi, mutu akipata mufupa ya kale anaifungia mu kabati miaka na miaka, wengine habaioni mpaka yeye amalize kuandika. Hawa balifanya tofauti. Maandiko yao baliweka ku eLife, gazeti ya siansi yenye kila mutu anasoma bila kulipa, na vipimo vya 3D vya ile mifupa baliweka ku MorphoSource, unafungua akaunti, unatelesharje, unakwenda. Mi nilichagua ile fuvu yenye banaitaka Neo, ilitangazwa mu 2017, ilitoka mu chumba ingine ya ile ile pango, chumba ya Lesedi, mutu mukubwa na pengine mwanaume. Nilichagua ile juu sura yake iko karibu nzima: paji ya uso, mashavu, taya, meno. Fuvu zingine za ile pango ziko vipande tu, mwanafunzi akiangalia haoni mutu.

Nawaambia pia kitu ya mega: fishie ni nzito. Usijaribu na forfait ya siku moja, utamaliza mega katikati na itakatika. Enda ku cyber ao uombe mutu mwenye koneksio ya biro.

Turudi ku kazi ya ateliye. Jambo ya kwanza yenye ilinipendeza ni kipimo. Hii fishie za 3D zinabebaka namba bila kusema ni namba ya nini, milimeta ao sentimita ao inchi, mashini inachukua tu vile inavyoona. Ukikuta mutu wa haraka atakutolea fuvu ya ukubwa ya limao ao fuvu yenye haiingie mu mulango. Hawa baliniomba: «Prof, tupatie kipimo moja ya kweli, ya mufupa yenyewe, tulinganishe mbele ya kuwasha mashini.» Nikafungua andiko ya eLife ku telefone, tukatafuta kipimo ya taya ku jedwali, tukalinganisha na ekrani, ikakubali. Ile njo iliniletea imani. Mutu anauza plastiki kwa gramu na kwa saa, angeweza kuwasha tu na kunilipisha, lakini alitaka kitu itoke kweli.

Kisha balipunguza uzito ya fishie. Vipimo vya siansi vinafanywaka na pembetatu mamilioni, komputa yao ikaanza kukwama, bakatumia MeshLab, programu ya bure, kupunguza pembetatu bila kuharibu sura. Balinionyesha mbele na nyuma, macho yangu haikuona tofauti isipokuwa ku meno, na ku meno njo nitarudi.

Fuvu inaingia nzima mu mashini ya kawaida yenye meza ya sentimita 22. Baliweka kichwa peke, taya peke. Mashini inayeyusha uzi ya plastiki (PLA) na kuipanga mustari juu ya mustari, nyembamba sana, na pale penye kuna tundu sawa macho ao chini ya mufupa ya shavu inajenga kwanza nguzo ndogo ndogo za kushikilia, kisha ukimaliza unazivunja. Kichwa peke ilipita masaa 20. Ni hapa umeme ikaleta shida, na kila mutu wa Lubumbashi anajua hii wimbo. Beko na batri za kushikilia mashini, batri ikashika, ikashika, ikaisha mbele umeme irudi. Mashini yao inakumbuka fasi iliachia na inaendelea, lakini plastiki ilishapoa, basi ku fuvu yangu kuna mustari inazunguka kichwa yote, juu kidogo ya macho. Unaiona, ukipitisha kidole unaisikia. Fuvu haikuvunjika, iko nguvu, lakini ile mustari haiko ku mufupa ya kweli, na mwanafunzi wa kwanza mwenye alishika aliniuliza kama ule mutu alipigwa panga. Kijana wa ateliye aliniambia wazi, bila kuficha, prof tunaweza kuianza tena bure ao tunakupunguzia. Nikachukua kupunguziwa juu nilikuwa naitaka mbele ya trimestre iishe, njo nikalipa 45, la sivyo ilikuwa 60. Nusu ya nyota inakatwa hapo.

Nusu ingine ni meno. Balitumia unene ya kawaida, milimeta 0.2 kila tabaka, na ku mifupa ya kichwa ni sawa kabisa, lakini jino la mutu ni kitu ndogo, mabonde yake inapotea. Na meno ya Homo naledi njo ina hadithi. Magego yao inazidi ukubwa kadiri inakwenda nyuma, ya mwisho njo kubwa, hapana sawa ya kwetu yenye ya mwisho mara nyingi ni ndogo na inatusumbua. Halafu kuna bataalamu bamoja mu 2017 balihesabu meno ya hii aina, bakakuta asilimia 44 ya meno ya ukubwani imemeguka meguka vipande vidogo, bakasema pengine chakula yao ilikuwa na muchanga ao vitu vigumu, mizizi yenye haikuoshwa kwa mufano. Sasa nikitaka kuonyesha banafunzi jino la kumeguka na plastiki imelainisha yote, somo inakufa. Nilirudi, nikaeleza, bakanifanyia taya peke yake mara ya pili na unene ya 0.12, inachukua saa nyingi zaidi, nikaongeza dola 8. Tofauti ni kubwa. Kwa hiyo shauri yangu: kichwa 0.2, taya 0.12, useme mapema, usingoje itoke.

Rangi. Hapa musome vizuri. Balinipatia rangi ine, na moja ilikuwa nyeupe ya mufupa, inafanana sana, na kijana alidhani njo nitachukua. Nikakataa, nikachukua grize, rangi ya majivu. Juu ya nini: mu muji wetu mutu akiingia mu taksi-bisi na kifuko, kifuko ikafunguka, kichwa ya mutu ikaonekana, hautapata nafasi ya kueleza kama ni plastiki. Batu bako na woga wa kweli juu ya mifupa ya bafu, na ule woga una sababu zake, siuzarau. Grize inaonekana mara moja ni kitu ya kutengenezwa. Na chini, fasi shingo ilikuwa inaingilia, niliomba bachonge herufi: KOPI YA MASOMO. Baliongeza bila malipo. Mama moja wa mwanafunzi alikuja masomo kuuliza, alisikia mutoto wake anashika kichwa ya mufu. Nilimwita mu klasi, nikamukalisha, nikamupatia aishike mwenyewe, akaigeuza, akasoma ile herufi, akaniuliza mifupa yenyewe iko wapi. Nikamwambia mama, iko ku Johannesburg, imefungiwa vizuri, hakuna mutu hapa aliigusa, kilichotufikia ni vipimo tu. Akasema sawa, kisha akauliza kama ule mutu alikuwa na batoto. Ni ulizo nzuri kuliko nyingi zenye nilipata.

Sasa nieleze kwa nini fuvu hii na si ingine, maana naona watu wataniuliza kwa nini sikuchukua ya jirani, ya Kabwe, kule Zambia. Mutu mwenye alishapanda bisi ya Lusaka anaijua Kabwe: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, halafu Kabwe, bisi inasimama, banauza mayai na ndizi. Ile muji, mu wakati ya Waingereza ilikuwa inaitwa Broken Hill, mine ya risasi (plomb) na zinki. Tarehe 17 Juni 1921, muchimbaji mumoja Muswisi, Tom Zwiglaar, na mufanyakazi mumoja mwafrika mwenye jina yake mara nyingi haitajwe, balikuwa banachimba mu pango yenye mine ilifungua, wakakutana na fuvu inabaangalia. Karibu nzima, na mifupa kubwa juu ya macho sawa kibaraza ya nyumba. Mwaka ule ule ikapelekwa London, mutaalamu Arthur Smith Woodward akaipatia jina Homo rhodesiensis, na mpaka leo iko London ku Natural History Museum. Zambia inaomba irudishwe tangu miaka ya 1970. Ku Lusaka mu musée bako na kopi. Kilima yenyewe ya Kabwe, ile pango, haiko tena, ilichimbwa yote, mifupa mingi ya wanyama yenye ilikuwa ndani ilipita mu tanuru pamoja na madini.

Hii nawaambia kwa uzito, sisi batu ba mine. Ku Jebel Irhoud, Maroko, ni vile vile: mu mwaka 1960 bachimbaji ba barite balifungua pango yenye ilikuwa imejaa udongo, fuvu ikatokea, na leo ile fasi inajulikana kuwa na mifupa ya Homo sapiens ya miaka karibu 315,000. Mara mbili, Kabwe na Irhoud, ni mukono ya muchimbaji njo ilifikia mufupa mbele ya prof yeyote. Mu klasi yangu kuna batoto benye baba zao na kaka zao bako mu mashimo ya Katanga saa hii ninapoandika. Nimewaambia: ukikuta mufupa mu jiwe, usipige tena, ita mutu, piga picha, weka alama.

Basi ya Kabwe ningeitaka sana, njo ingekuwa ya kwetu zaidi, lakini ya Naledi iko mkononi leo bila kuomba ruhusa, na zikiwekwa pamoja zinaeleza kitu moja yenye mimi kama mwalimu naona inapita yote. Kabwe ilipata umri yake mu 2020 tu, kundi ya mutaalamu Rainer Grün ilipima ikapata miaka 299,000, kuongeza ao kupunguza 25,000. Naledi ilipimwa mu 2017, kati ya miaka 335,000 na 236,000. Irhoud 315,000. Ona sasa: wakati moja, bara moja, batu ba aina tatu. Mbele ya kupima, batu bengi balidhani Naledi ana miaka milioni mbili kwa vile sura yake iko ya kizamani, kumbe alikuwa anaishi siku zile zile na bale ba Kabwe na bale benye bangetuzaa sisi. Ile picha ya kitabu, yenye nyani anasimama kidogo kidogo mu mustari mpaka anakuwa mutu na mukuki, nimeacha kuichora ku ubao.

Somo yenyewe nafanya hivi, na ni ya bei rahisi. Chupa tatu za maji juu ya meza. Ubongo ya Neo ilikuwa sentimita kubiki 610, basi chupa ya kwanza mililita 610. Ya Kabwe, 1,280 hivi. Ya kwetu kwa wastani 1,350. Banafunzi banamimina wenyewe, kisha banashika fuvu ya plastiki mukono moja na chupa mukono ingine. Na bale bengine ba Homo naledi ubongo ilikuwa ndogo zaidi, mpaka 465. Halafu nawaambia miguu yao ilikuwa karibu sawa ya kwetu, balitembea wima, urefu kama metre moja na nusu, lakini vidole vya mikono vimepinda, vya kupandia. Klasi inanyamaza, kisha mikono inainuka yote.

Ulizo yenye inarudi kila klasi ni hii: bale batu 15 na zaidi balifikaje mule, mu giza, fasi yenye hata profesere hakuweza kupita mu 2013? Hakuna alama ya simba, hakuna alama ya maji kuwabeba. Kundi ya Berger ilisema tangu 2015 ni benzao balibaleta pale kwa kusudi, na mu 2023 ikaongeza, ni mazishi ya kweli, kaburi zilichimbwa. Bataalamu bengi balisoma wakasema ushahidi haitoshe. Mimi nafundisha pande zote mbili, na mu klasi sisemi ni mazishi, juu bado haijakamilishwa, hata kama moyo unatamani. Nafananisha na kitu yenye ilikubaliwa: pango ya Panga ya Saidi, ku pwani ya Kenya, mutoto wa miaka miwili na nusu ao mitatu, miaka 78,000 iliyopita, alichimbiwa kashimo, akalazwa ubavu wa kuume, magoti imekunjwa, mwili ilifungwa na kitu, na chini ya kichwa pengine kulikuwa kitu ya kulalia, sawa mto, yenye ilioza. Bataalamu balimwita Mtoto tu. Ilitangazwa mu 2021 na ni kaburi ya zamani kuliko zote zenye zinajulikana Afrika mpaka sasa. Pale kashimo inaonekana, udongo ya kufukia inaonekana, mwili iko vile ilivyolazwa. Ku Rising Star njo vile vitu banagombania. Banafunzi banaelewa haraka tofauti ya kuamini na kuonyesha, kuliko nikiwaeleza na maneno matupu.

Kuna kitu ingine ilinichoma, nitaisema hapa. Mu September 2023 mufupa ya kidole gumba ya Homo naledi, ya kweli, hapana kopi, ilipandishwa na ndege ya Virgin Galactic mpaka juu ya anga, mu mufuko ya mutu, pamoja na mtulinga, mufupa yenye inaunganisha bega na kifua, ya aina ingine. Bataalamu ba dunia yote balikasirika, na mimi nilikasirika. Mufupa ya mutu mwenye hakuna mwingine sawa naye, unaipandisha ya nini? Kama ni kopi ya plastiki ya Kamalondo, ipande, ianguke, tutafanya ingine kwa dola 60. Kopi njo ya kuzunguka. Yangu imekwisha kuzunguka klasi zote za masomo yetu na masomo moja ya jirani, imeanguka chini ya simenti, ikatoboka kidogo nyuma, tukatia kole, ikaendelea.

Kuhusu nguvu yake basi. PLA haivunjike bure, lakini haipendi joto, karibu digrii 60 inaanza kulegea. Usiiache mu gari kwenye jua, zaidi mwezi wa kumi hapa kwetu, itainama. Usiisafishe na maji ya moto. Asetoni ya kutoa rangi ya kucha haiilainishe vizuri, basi usipoteze falanga kujaribu kuilainisha na ile. Mi nilipitisha papie vere laini pale nguzo zilikuwa zimeacha vidonda ndani ya matundu ya macho, na ile kazi niliifanya mwenyewe juu vijana balivunja nguzo haraka na hawakusugua. Hii pia imo ndani ya nyota yenye nimekata. Fuvu ya kulipia inapaswa kutoka imesuguliwa.

Bei, kwa kulinganisha: kopi za rezini zenye zinauzwaka Ulaya na Amerika juu ya mauniversité, fuvu moja inapita dola 100, nyingi zinapita sana, na hujalipa usafiri na dwane. Zile ni nzuri kuliko hii, sitaki kudanganya, rangi yake ni ya mufupa, meno yake ni safi. Lakini hakuna prefe wa hapa mwenye atazilipa, na mi nawaelewa, wakati klasi ingine haina madirisha. Dola 45 tulichanga, balimu bane na komite ya bazazi, ikatoka.

Mukienda ku ateliye, mubebe vitu hivi: fishie ku kle USB na si ku WhatsApp, kipimo moja ya kweli mu karatasi, rangi mumeichagua, na museme unene ya tabaka. Mulipe nusu mbele, nusu mukiona. Muombe baianze asubui batri zikiwa zimejaa. Na mukiona mustari ya umeme, musione haya kuomba bapunguze, beko bakweli, batapunguza.

Mi nishatuma oda ya pili: mukono ya kuume ya Homo naledi. Ile ilipatikana karibu yote, mifupa 26 juu ya 27, na kila mufupa iko fishie yake. Balinipatia bei ya dola 20, kwa 0.12, na herufi zao zile zile kila mufupa ndani. Kazi yenye inabakia ni kuiunganisha, vidole vikunjike vizuri na ile kupinda ionekane. Kama kuna mwalimu wa Likasi ao Kolwezi ao popote mwenye ashaunganisha mukono ya plastiki, aniambie alitumia nini, waya ao lastiki, na alitobolea wapi.